Mashine Mbili, Tangi Moja: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Huduma za Lamu

Kwa Mheshimiwa Gavana na mawaziri wa Kaunti ya Lamu. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi. Kamishna wa Kaunti. Pamoja na wakuu wa maji, umeme, barabara, bandari na afya mnaoihudumia Lamu.

YAH: HUDUMA ZETU ZOTE KUPITIA MLANGO MMOJA

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum.

Barua hii naiandika kwa makusudi wakati jua linawaka na barabara ni kavu. Mvua ikishapiga na Mto Tana ukishajaa, hakuna kati yenu atakayepata nafasi ya kusoma maneno ya fundi. Simu zitakuwa zinalia, malori yatakuwa yamekwama, na kila mtu atakuwa anauliza njia itafunguka lini. Mimi nataka tuulizane jingine mapema: njia ikifungwa, ni nini hapa Lamu kitakachoendelea kufanya kazi?

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za boti. Nahodha anayebeba abiria kwenda Pate au Kiunga hupenda kufunga mashine mbili, na abiria wakiziona nyoyo zao hutulia. Mimi huangalia tangi kwanza. Mara nyingi hukuta ni moja, mpira wa mafuta mmoja, chujio moja. Petroli ikiwa imeingia maji, mashine zote mbili huzima kwa pamoja hapo hapo mlangoni mwa bahari penye mawimbi, na ile ya pili haimfai mtu. Mashine ya akiba huwa akiba pale tu inapokuwa na tangi lake, mpira wake na, ikiwezekana, mafuta yaliyonunuliwa kwa mtu mwingine.

Nikiitazama kaunti yetu kwa jicho hilo naona mashine nyingi zinazokunywa kwenye tangi moja. Tangi hilo ni Garsen, mji wa bara kando ya Tana.

Unga, mchele, vitunguu, mitungi ya gesi, saruji, dawa, petroli, dizeli: karibu vyote huja kwa barabara ya Garsen, vikapita Gamba na Witu mpaka gati la Mokowe upande wa bara, kisha vikavushwa kwenda visiwani. Lami ile ya kilomita zipatazo 135 tuliililia miaka mingi, na ilipokuja tulimshukuru Mungu, na mpaka leo tunamshukuru. Umeme nao una safari yake. Zamani Lamu ilikuwa na jenereta zake za dizeli, zenye kelele na moshi. Kisha tukaunganishwa na gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai, ikapita Malindi, ikapita Garsen, ndipo ikatufikia. Laini hiyo ikizima, ofisi na hospitali na hoteli huwasha jenereta. Jenereta inataka dizeli. Dizeli imekuja kwa lori, na lori limepita Garsen.

Kwa hiyo mtu anapoambiwa kwamba kituo chake kina umeme na pia kina jenereta, asidhani ana njia mbili. Ana njia moja iliyogawanyika mwishoni.

Novemba 2023 tuliliona hilo. Mvua za El Niño ziliijaza Tana, maji yakafunika barabara maeneo ya Gamba na Lango la Simba, na Lamu ikatengwa na nchi kwa njia ya gari. Mabasi na malori yalikwama, bidhaa zikaadimika, bei zikapanda. Wazee wetu hawakushangaa, kwa kuwa wanakumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Serikali ilileta misaada, maji yakapungua, barabara ikatengenezwa, tukaambiwa hali imerudi kama kawaida. Na kweli ilirudi. Lakini hali ile ya kawaida ndiyo iliyotufikisha pale, na kuirudisha bila kuibadilisha ni kuisubiri Tana ijaze tena.

Hili halitokei Lamu peke yake, wala haliwapati wazembe peke yao. Wajapani ni watu wanaojiandaa. Kituo chao cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kilikuwa na jenereta 13 za dharura. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi lilikata umeme wa nje, jenereta zikawaka kama zilivyopangiwa. Muda usiotimia saa moja baadaye wimbi la tsunami likapita juu ya ukuta. Nyingi ya jenereta zile zilikuwa zikipozwa kwa maji ya bahari na zimewekwa vyumba vya chini, zikazama pamoja. Mbili zilizopozwa kwa hewa hazikuguswa zenyewe, ila paneli za kugawia umeme wake zilikuwa chini, zikafurika, na jenereta nzima zikawa hazina pa kupeleka umeme. Ikabaki moja tu, ya mtambo namba 6. Ilipozwa kwa hewa, ilikaa juu, na paneli zake hazikulowa. Hiyo moja ndiyo iliyolisha umeme mtambo wa 5 na wa 6 mpaka ikasalimika. Wenzake 12 walikuwa wengi, lakini udhaifu wao ulikuwa mmoja.

Ndiyo sababu nawaomba, waheshimiwa, mnapopitisha bajeti ya jenereta nyingine, mwulize itakunywa nini, na kinywaji hicho kitapita wapi.

Liko na jambo la pili, ambalo ni namna hitilafu inavyosafiri. Tarehe 7 Juni 2016 kima mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kilichoko kwenye Mto Tana huu huu. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikazidiwa na mzigo, nayo ikajizima. Zaidi ya megawati 180 zilipotea na nchi nzima ikaingia gizani. Watu wengi walilichukua kama kichekesho. Kwangu mimi lilikuwa somo zito, maana kila mtambo ulifanya sawasawa kazi uliyotengenezewa, ulijizima ili usiungue, na matokeo yake nchi ikalala bila umeme.

Mnyororo wa Lamu ni mfupi zaidi na uko karibu na roho za watu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, pampu za maji husimama. Minara ya simu hukaa kwa betri kwa saa chache, na betri zikiisha simu hunyamaza. Na pesa zetu siku hizi zimo ndani ya simu. Hapo utamkuta mgonjwa wa Kizingitini, kisiwani Pate, anayetakiwa kuvushwa usiku, nahodha yupo, mashine ni nzima, petroli ipo dukani, na bado safari haipatikani kwa sababu hakuna anayeweza kumlipa mwenzake. Hakuna kilichoharibika Kizingitini. Kilichoharibika kiko mamia ya kilomita kutoka hapo.

Mnyororo kama huo hukatwa kwa vitu vidogo. Kila zahanati ya visiwani ingekuwa na makubaliano ya maandishi na mwenye petroli wa karibu, kwamba kwa sahihi ya muuguzi wa zamu lita kadhaa zinatoka saa yoyote na kaunti italipa baadaye, simu ziwe zinafanya kazi au hazifanyi. Hilo linahitaji daftari na uaminifu wa kaunti kulipa kwa wakati. Wauza mafuta wetu si watu wabaya, ila wameshachoka na madeni yanayozungushwa.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa barabara ikifungwa tutakula muhogo na samaki, lakini maji yakiharibika hakuna mbadala.

Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inanyesha, mchanga unainywa, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyoko chini ya kisiwa. Wataalamu wa maji ya ardhini wana kanuni yao ya zaidi ya karne moja: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huenda sambamba na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande wa kutisha. Mkivuta mpaka usawa wa juu ukashuka mita 1, chumvi ya chini inaweza kupanda mita 40. Na kwa juu hakuna kitakachoonekana. Pampu itavuta, bomba litatoa, mita itasoma, bili zitatoka. Kisha msimu mmoja chai itaanza kuwa na ladha. Kuyarudisha maji hayo matamu kutachukua miaka, maana chumvi ikishapanda haisukumwi na kitu ila mvua, tone kwa tone.

Mwanaikolojia wa Kanada, C. S. Holling, alieleza mwaka 1973 kwamba kutulia na kustahimili ni mambo mawili mbalimbali. Kitu kinaweza kuonekana kimetulia mwaka hadi mwaka huku uwezo wake wa kubeba mshtuko unaliwa kidogo kidogo, mpaka siku inakuja ya ukame wa kawaida tu na kitu kinapinduka na hakirudi. Naogopa visima vya Shela viko kwenye njia hiyo. Mji umekua, hoteli zimeongezeka, na majengo yamezidi kuusogelea mchanga unaotunywesha. Kila jengo linaloziba mchanga linafunga mdomo unaoinywa mvua, na kila kisima kipya cha binafsi kinavuta kwenye bakuli lile lile.

Waliojenga mji huu hawakuziweka roho zao kwenye chanzo kimoja. Nyumba ya mawe ilikuwa na birika lake, na visamaki ndani wakila viluwiluwi vya mbu. Msikiti ulikuwa na kisima chake na birika lake. Kule Pate, Ndau na Kiwayu ambako maji ya ardhini ni ya shida, watu walijenga jabia, wakapiga chokaa sakafu pana ya kukinga mvua na kuielekeza kwenye shimo lililofunikwa. Jabia ya kijiji kimoja ikipasuka, kijiji cha pili hakikuhisi kitu. Hitilafu ilikuwa na mpaka. Siku hizi baadhi ya jabia zimepasuka na zimeachwa, na mabirika mengi mjini yamegeuzwa stoo au yamemwagiwa zege.

Sisemi turudi enzi za mama zetu kubeba maji kichwani. Maji ya jabia yasiyofunikwa na kutiwa dawa huleta kipindupindu, na bomba limewaokoa watoto wengi. Ninachosema ni kwamba bomba lilipokuja halikupaswa kuua vyanzo vingine. Nyumba yenye bomba na birika la mvua inaweza kukaa wiki nzima bila pampu. Nyumba yenye bomba peke yake inaanza kutafuta mtungi siku hiyo hiyo. Kwa gharama ya mradi mmoja mkubwa mnaweza kukarabati jabia nyingi, mkawapa mafundi chokaa wetu kazi, na mkaacha maarifa hayo mikononi mwa vijana. Na pampu za Shela zifungiwe sola pamoja na umeme wa gridi. Jua halisubiri lori livuke Gamba.

Nakuja kwa bahari. Nimewasikia viongozi wakisema kwamba barabara ikikatika Lamu bado ina bahari, kwa hiyo hofu ni ya nini. Ni kweli kwamba mji huu umeishi kwa bahari karne nyingi kabla ya lori la kwanza kuzaliwa. Lakini bahari ina miezi yake, na mwenye kupanga lazima aijue.

Mafuriko ya vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Kusi imekwisha, maleleji, kipindi cha upepo kubadilika, imetuliza maji, kaskazi ndiyo inaanza kupiga. Jahazi la mashine linaweza kupanda kutoka Mombasa au Malindi likiwa limejaa unga na likafika salama. Hivyo Novemba 2023 bahari ilikuwa wazi, na kama kungekuwa na mkataba uliotiwa sahihi mapema na wenye majahazi, bei isingelazimika kupanda vile. Mafuriko ya masika ni habari nyingine. Yanakuja Aprili na Mei, wakati kusi inapoingia na wimbi linapoanza kuziba milango. Hapo barabara na bahari zinaweza kufungwa pamoja katika mwezi ule ule. Kwa vuli, basi, maandalizi yetu yawe vyombo na mikataba. Kwa masika yawe maghala yaliyojaa kabla Machi haijaisha. Mpango mmoja wa dharura unaotumika mwaka mzima, bila kuuliza upepo unatoka wapi, umeandikwa na mtu asiyeijua pwani.

Kuna na bandari mpya kule Kililana. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, maji yake ni marefu, meli kubwa zinaingia hata wakati ambao mashua haithubutu kutoka. Wavuvi wetu walilipia bandari ile kwa kupoteza maeneo yao ya uvuvi, na mahakama kuu iliyokaa Malindi ililitambua hilo mwaka 2018. Basi angalau siku barabara inapozama, gati lile litufae. Naomba kujua: je, yapo makubaliano yaliyoandikwa ya meli kutoka Mombasa kuleta chakula, dawa na mafuta? Nani anatoa amri? Nani analipa? Mzigo ukishuka Kililana unafikaje Faza? Kama majibu yatatafutwa siku ya mafuriko, yatapatikana mafuriko yakiisha.

Na mafuriko hayatushtukizi, waheshimiwa. Tana ni mto mrefu. Maji yanayofunika barabara Gamba yalikuwa juu kwenye mabwawa, Masinga na mengineyo, yakapita Garissa, na yamechukua siku kadhaa kufika Garsen. Bwawa likianza kumwaga, na vipimo vya Garissa vikianza kupanda, sisi tumeshapewa muda. Muda huo ni mali. Tunaupoteza kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba mto ukifika alama fulani Garissa, yeye, bila kusubiri kikao, aruhusu maghala yajazwe, matangi ya mafuta yajazwe, wagonjwa wa rufaa na kina mama walio karibu kujifungua wavushwe mapema. Taarifa hufika kwenye simu za wakubwa, ikakaa humo.

Bangladesh ni nchi ya mito na bahari kama sisi, na maskini. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua laki tatu huko. Kimbunga Sidr cha 2007 kilikuwa kikali sana pia, lakini waliokufa walikuwa maelfu machache. Kila mmoja wao ni msiba, ila tofauti hiyo ni kubwa mno. Katikati ya miaka hiyo walijenga nyumba za kukimbilia, na walifundisha maelfu ya watu wa kujitolea vijijini, wenye vipaza sauti na bendera, waliojua saa ya kupiga mbiu na njia ya kumfikia bibi kizee asiyeweza kutembea. Wao hawakungoja barua kutoka mji mkuu kugonga mlango wa jirani.

Sisi tunao watu hao tayari. Tuna vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe (BMU), tuna manahodha wanaopita mkondo wa Mkanda usiku kwa kujua maji yanajaa saa ngapi, tuna wahudumu wa afya wa jamii, tuna misikiti yenye vipaza sauti kila mtaa, tuna wenye punda wanaoweza kufikisha mzigo vichochoroni bila tone la mafuta. Walichokosa ni mamlaka. Mkuu wa zahanati ya Kiunga anapolazimika kupata sahihi ya Lamu ili afungue stoo, na simu imekatika, stoo ile ni kama haipo. Wapeni ruhusa iliyoandikwa, yenye mipaka inayoeleweka, kisha muwakague baadaye. Nawasihi sana kwa hili, maana halihitaji hata shilingi.

Najua kinachowazuia kuweka akiba. Akiba hugharimu, na ikikaa bila kutumika huonekana hasara. Dawa huisha muda, unga huingia wadudu, petroli huchacha, na mkaguzi wa hesabu huuliza kwa nini fedha zimelala ghalani. Haya ni maswali ya haki, na yana majibu. Dawa za akiba zizungushwe, za zamani zitumike hospitalini kwanza na mpya zikae nyuma, isiharibike hata moja. Unga wa akiba uwekwe kwa wafanyabiashara wenyewe, kaunti iwalipe ada ya kutunza kiasi fulani wasichokiuza mpaka tangazo litoke. Mafuta yawekwe mbali na nyumba, maana mji wetu una vichochoro na mapaa ya makuti, na moto ukianza hakuna gari la zima moto linaloweza kuingia. Ghala la mafuta liwe upande wa bara, na jingine dogo huko Pate, yasiwe yote mahali pamoja.

Niseme kwa ufupi na juu ya riziki. Mishtuko mingine hutoka kwenye amri. Baada ya mashambulizi ya Juni 2014 kule Mpeketoni na jirani zake, ilipigwa marufuku ya kutoka usiku, na wavuvi wa usiku walikaa miaka wakilala nyumbani. Sikatai kwamba kulikuwa na hofu ya kweli na watu walikuwa wamechinjwa. Mwaka 2020 korona ikazifunga hoteli, na vijana wa Shela wakaona hali hiyo hiyo. Familia zilizokuwa na mkono mmoja baharini, mwingine shambani na mwingine kwenye ufundi ziliyumba lakini hazikuanguka. Mnapotoa amri ya kufunga mlango mmoja wa riziki, hata kwa sababu njema, amri hiyo hiyo itaje mlango upi unafunguliwa.

Ombi langu ni kwamba kabla ya vuli mtuite barazani, wakubwa wa maji, umeme, barabara, afya na bandari mkiwa mmekaa meza moja, pamoja na manahodha, wasimamizi wa pampu, wauguzi wa visiwani na wenye maduka ya jumla. Tuchore kila huduma inakunywa kutoka wapi na mbadala wake unakunywa kutoka wapi, na pale mistari inapokutana tuandike jina la mtu atakayepatenganisha na tarehe ya kumaliza. Turudi pia kwenye Novemba 2023, tuulize nini kilisaidia, nani alivusha nini kwa akili yake mwenyewe, na kwa nini hakuwa ameruhusiwa tangu mwanzo. Asitafutwe wa kulaumiwa, maana anayeogopa lawama hatasema alichokiona. Vipimo vya chumvi vya visima vya Shela vibandikwe ubao wa wazi kila mwezi, mjini na Shela, mwananchi avisome. Na majibu ya maswali yangu juu ya gati la Kililana yatolewe kwa maandishi.

Mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027 unakaribia ukingoni, na unaofuata utaandikwa na nyinyi. Mimi niko tayari kuja na mafundi wenzangu kukagua, bila malipo, pampu na jenereta za zahanati zote za visiwani, tuandike ni spea gani kila moja inazihitaji na zipi zinafaa kukaa kisiwani badala ya kuagizwa Mombasa. Orodha tutawaletea. Tupeni barua ya kuturuhusu kuingia, na boti moja.

Wenu katika kuijenga Lamu,

Fundi wa mashine za boti,
Lamu mjini.